Kaskazi, Kusi na Maneno Yaliyobaki

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya walimu, wanafunzi na wapenzi wa Kiswahili. Wengi waliokosa kufika wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na majibu ya ukumbini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi wetu wapendwa, na ninyi vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki kivulini mkaja kusimama hapo dirishani. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo?

(Ukumbi: "Poa!")

Asanteni. Nimesikia "poa" nyingi. Nimesikia na "safi". Huku mbele mama mmoja amejibu "salama", Mungu ambariki. Na kule nyuma kabisa kuna mzee amesema "bomba!" Mzee wangu, mimi na wewe ni wa rika moja. "Bomba" ni ya ujana wetu.

Mmeona lakini? Sijamuuliza mtu yeyote hapa alizaliwa lini. Neno moja tu la salamu, na nimeshajua nani alikuwa kijana wakati gani. Na hiyo "poa" yenyewe ilitoka wapi? Chai hupoa. Hasira hupoa. Homa ya mtoto hupoa, mama akashusha pumzi. Lilikuwa neno la jikoni na la kando ya kitanda cha mgonjwa. Vijana wakalichukua wakalifanya jibu la salamu, na walimu walionifundisha mimi wakalikemea kweli kweli. Leo mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akiwa amelikariri. Nani alilipa kibali?

Ndugu zangu, nimekuja na ombi moja, nalisema mapema msije mkalitafuta. Naomba maneno ya mtaani yaingizwe kwenye kamusi zetu. Yaingizwe yangali hai. Na yaingizwe pamoja na mtaa wake na mwaka wake.

Wataalamu wa isimujamii, yaani wanaochunguza lugha ndani ya jamii, wanayaita maneno haya misimu. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanatikisa kichwa, wanalijua, linakuja kwenye mtihani. Lakini hilo jina tumewahi kulisikiliza? Msimu ni nini? Muulize mtu wa Pangani, wa Kilwa, wa Lamu. Atakwambia msimu ni upepo. Kaskazi inavuma, majahazi yanakuja kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kaskazi inakatika, kusi inashika, majahazi yanageuza matanga kurudi kwao. Hivyo ndivyo Pwani ilivyoishi karne na karne.

Sasa niambieni, wote waliokuja na kaskazi waliondoka na kusi? Hapana. Wako waliobaki. Walioa, wakajenga, wakazika wazee wao hapa, na leo ukimuuliza mjukuu wao kwao ni wapi, anakuonyesha nyumba. Maneno ya mtaani ni hivyo hivyo. Mengi huja na upepo na huondoka na upepo. Mengine hubaki, na yakishabaki hakuna anayekumbuka kwamba yalikuja.

Chukueni "hela". Wajerumani walileta sarafu iliyoitwa Heller, mia moja zikifanya rupia moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa Wajerumani, sarafu yao ikafa, na hela ikabaki mfukoni mwetu hadi leo hii. Mimi sijawahi kuishika Heller. Nimeshika hela maisha yangu yote.

Au chukueni hili mlilopanda kuja hapa. Waliokuwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 watanisaidia. Kulikuwa na magari madogo ya mizigo yaliyofungwa mabenchi nyuma, abiria wanakaa wakitazamana kama walaji mgahawani. Tuliyaitaje?

(Sauti kutoka nyuma: "Chai maharage!")

Chai maharage! Asante mzee wa bomba. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, hayakutosha, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi. Sarafu ya shilingi tano tulikuwa tunaiita dala, na nauli ikawa hiyo hiyo. Konda ananing'inia mlangoni, kifua nje, anaita: "Dala! Dala! Dala!" Huyo konda hakukaa kwenye kamati. Hakuwa na shahada ya isimu. Alikuwa anaita abiria. Leo fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, daladala limo, kidahizo kamili, yaani neno lenye mahali pake kwenye orodha, na fasili yake. Sarafu ilishapoteza thamani, nauli ilishapanda mara nisizoweza kuhesabu, neno limebaki. Chai maharage nalo limekwenda na magari yake, na vijana wa hapo dirishani wamelisikia leo kwa mara ya kwanza. Nawaona mnavyocheka.

Majirani zetu Kenya wana matatu, na tatu iliyomo humo ni nauli ya zamani ya senti kumi kumi tatu. Miji miwili, shida moja ya usafiri, na watu wakaokota jina mahali pamoja: kwenye nauli.

Sasa niwape kisa changu, na kisa hiki kinaniuma kidogo.

Mwaka 2010 nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu. Mada ilikuwa rushwa. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Wafanyabiashara wasio waaminifu walichakachua mafuta." Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari, pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: LUGHA YA MITAANI. Nikakata alama.

Kesho yake akanifuata ofisini. Kijana mpole, ameshika daftari kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, shikamoo. Naomba unisaidie, ningeandika nini?" Nikamwambia andika "walichanganya". Akasema, "Mwalimu, hata mama anachanganya unga na maji." Nikamwambia andika "waliharibu". Akasema, "Yalikuwa yanauzwa, Mwalimu. Gari linawaka, linaharibikia mbele ya safari." Nikafikiri, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: andika "walighushi". Na ni kweli, wazee walisema kughushi maziwa, kughushi dhahabu. Kijana akaniangalia kwa heshima, akasema, "Kughushi ni saini na vyeti, Mwalimu. Kituoni hakuna anayesema mafuta yameghushiwa."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, watu wakawa wanayatia humo, na nchi nzima ikahitaji kitenzi cha kitendo hicho kimoja, chenye ujanja wake na hasara yake. Mtaa ukakitoa. Sikilizeni hata sauti yake: cha-ka-chu-a. Unaisikia dumu ikitikiswa gizani. Mwaka huo huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na kabla Oktoba haijaisha kura nazo zikawa zinachakachuliwa, matokeo yanachakachuliwa, hadi mchuzi wenye maji mengi umechakachuliwa. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili biashara ile ikose faida, na aliyelipa ni bibi anayewasha koroboi. Haya yote yamo ndani ya kitenzi kimoja. Nami nilikikata kwa kalamu nyekundu.

Alama zake nilimrudishia. Lakini nilijiuliza, na nawauliza na ninyi walimu wenzangu: tangu tuanze kufundisha, tumekata maneno mangapi ambayo hatukuwa na la kuweka mahali pake?

Sasa mtu atasema, Mwalimu, hayo ni maneno ya wahuni. Nimelisikia hilo tangu nikiwa msichana. Naomba niingie humo humo kwa wahuni.

Miaka ya 1980, wakubwa mnaikumbuka. Sabuni foleni, sukari foleni, unga wa njano. Baba mdogo wangu mmoja alikuwa kibarua bandarini. Siku moja hakurudi nyumbani, wala kesho yake. Bibi alilia mwezi mzima, kisha rafiki zake wakaja kumwambia kwa sauti ya chini: "Mama, usilie, amezamia." Bibi alidhani wanamwambia mwanawe amezama baharini! Kumbe kuzamia, kwa vijana wa bandarini, ni kujificha ndani ya meli mpaka Ulaya. Barua yake ya kwanza ilitoka Piraeus, Ugiriki. Bibi hakujua kusoma, lakini aliilalia chini ya mto mpaka ikachanika.

Tazameni sasa safari ya neno hilo. Kuzamia ni kupiga mbizi kufuata kitu kilichoko chini. Likawa kujificha melini. Leo mtu akiingia harusini bila kadi ya mwaliko tunasema amezamia, na hatukumbuki kwamba ndani yake kuna vijana waliokaa siku na siku kwenye giza la tangi la meli, wengine wasifike. Na msomi wetu anayehitimu ngazi ya juu kabisa ya chuo kikuu tunampa shahada gani? Ya uzamivu! Profesa na mzamiaji wametoka kwenye mzizi mmoja. Halafu vijana waliozungukazunguka bandarini wakaitwa masela, kutoka neno la Kiingereza la baharia, na miaka arobaini baadaye vijana wa leo wakisifiana wanaitana nini? Baharia! Wamelizunguka neno la babu zao wakalirudia bila kujua. Ni kamusi gani itamwonyesha mjukuu wangu njia hiyo, kama msela halina ukurasa?

Nisogee kwenye jambo zito zaidi. Naomba utulivu.

Dada yangu mkubwa aliolewa Bukoba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani Kagera, mwaka 1983. Lakini kabla watu hawajaambiwa jina, ugonjwa ulikuwa na jina. Uliitwa Juliana. Juliana ilikuwa nguo, nguo za mtindo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na watu waliona kwamba wanaougua ni wa njia ile ile ya biashara. Hospitali ilikuwa haijawa na jina, soko lilikuwa nalo. Dada aliniandikia hivyo kwenye barua: "Huku kuna Juliana, shemeji zako wawili wamekwenda."

Baadaye wataalamu wakatupa neno Ukimwi, Upungufu wa Kinga Mwilini, na nataka niliseme hili kwa heshima zote: lilikuwa neno zuri, fupi, linaloingia kwenye sentensi kama lililozaliwa humo. Maneno ya ofisini nayo huweza kuishi. Lakini mtaani hofu ilikuwa kubwa, na hofu haisemi jina la kitu. Watu wakasema fulani ana ngoma. Fulani ameungua. Fulani amekanyaga miwaya. Na herufi nne za Kiingereza, AIDS, vijana wakazipa maana yao: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Kejeli ya watu waliokuwa wanazika kila wiki.

Ukimpa mwanafunzi wa leo, aliyezaliwa dawa zikiwepo, sentensi "alikanyaga miwaya mwaka 1992", ataelewa nini? Fundi umeme? Na nikimwambia ni lugha ya kihuni isiyostahili kamusi, nimemnyima nini? Nimemnyima njia ya kujua mama zake waliogopa vipi. Takwimu zitamwambia waliokufa. Hazitamwambia tulivyokuwa tunanong'ona.

Hapo ndipo ninaposimama. Hapo ndipo nitakapobaki nimesimama.

Najua kuna pingamizi, na la haki kabisa ni la matusi. Changu ni samaki, wengi mmemla. Changudoa ni neno la kumdhalilisha mwanamke. Liingie kamusini? Ndiyo, liingie, na mbele yake liandikwe wazi kwamba ni neno la dharau. Mkalimani wa mahakamani atalisikia kizimbani na lazima ajue uzito wake. Msichana aliyeitwa hivyo njiani ana haki ya kukuta kitabu kinachosema kwamba aliyemwita amemtukana. Kuliacha nje hakulifuti mdomoni mwa watu. Kunamwacha aliyetukanwa peke yake nalo.

La mitihani nalipita haraka. Mwanafunzi afundishwe neno gani la wapi, basi. Hakuna anayekwenda msibani na jezi ya Simba, na hakuna aliyepiga marufuku jezi.

Na pingamizi la tatu: tusubiri, tuone kama litadumu. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu linasikika kama busara. Hebu tuhesabu pamoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwanza mwaka 1981. Toleo la pili likatoka lini? 2004. Miaka mingapi hapo?

(Ukumbi: "Ishirini na tatu!")

Ishirini na tatu. Neno lililozaliwa mwaka 1983 likafa mwaka 1999 liliishi maisha yake yote mlango umefungwa. Na ni miaka gani hiyo? Ndiyo miaka ya ruksa ya Mzee Mwinyi, ya mitumba, ya vyama vingi, ya Ukimwi! Mwaka 1993 sheria ikaruhusu redio binafsi, mwaka uliofuata Radio One ikaanza, na muziki wa vijana tunaouita Bongo Fleva ukapata mahali pa kusikika. Zamani neno la Kinondoni lilihitaji basi na siku mbili kufika Sumbawanga. Sasa likawa linafika jioni ile ile, limo ndani ya kiitikio, na watoto wanalo kabla baba hajamaliza kula. Kishindo kikubwa cha maneno kuliko vyote nilivyoshuhudia, na vitabu vyetu vilikuwa kimya. Baada ya 2004 toleo la tatu likaja mwaka 2013, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wakatupa Kamusi Kuu mwaka 2015, hatua kubwa, nawapongeza. Lakini yaliyopotea katikati yamepotea.

Au tuseme yangepotea. Mwaka 2006 wanazuoni wawili kutoka Ujerumani, Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling, walichapisha utafiti wao kuhusu lugha ya mitaani Tanzania, pamoja na kamusi yake ya maneno na misemo 1,100. Nawashukuru kwa dhati. Kazi nzuri. Lakini nilipoisoma nililia, na nawaambia kwa nini nililia: maneno ya vijana niliokuwa nikiwafundisha, niliokuwa nikiwakata alama, yalikuwa yamehifadhiwa na wageni waliokuja kuyauliza. Mwaka 2022 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford nayo ikaingiza maneno ya Afrika Mashariki, "sambaza" likiwemo, kwa maana ile ya kumtumia mwenzako salio la simu. Kiingereza kimeona si aibu kuokota kwetu. Sisi tunaona aibu kuokota kwetu wenyewe?

Mtaa hauchukii kamusi, hilo nalo mlijue. Mtaa husoma. Mwendokasi lilikuwa neno la vitabu vya fizikia. Mwaka 2016 mabasi mapya yakaanza Dar es Salaam, na mama wa Kimara akasema "nimepanda mwendokasi". Muamala lilikuwa neno la benki na la sheria. Leo kijana anamwambia mwenzake "nitumie muamala" akimaanisha hela ya chai. Neno la ofisini likimfaa mtu, hulichukua bila kinyongo. Lisipomfaa, litabaki kwenye orodha. Kipakatalishi, yaani laptop, tunacho miaka mingi sasa. Nani hapa amekipeleka kwa fundi akakiita hivyo? Nyosha mkono.

(Kimya, kisha kicheko.)

Haya. Na "chawa", mnamjua? Wanafunzi mnacheka. Mdudu anayekaa kwenye pindo la nguo na kunywa damu ya mwenye nguo. Sasa ni mtu anayekaa kwenye pindo la msanii au la mwanasiasa, anamsifu mchana na usiku, na anakula hapo hapo. Tumeshapata na nomino dhahania, uchawa. Wapo wanaojiita chawa kwa fahari! Neno hili lina miaka michache tu kinywani na limeshasema mambo ambayo mhariri angehitaji aya tatu. Je, litaondoka na kusi? Sijui, wala silazimiki kujua. Nikiliandika leo, na mwaka, na mtaa, na sentensi kama ilivyosemwa, basi likiondoka tutajua lilipita, na likibaki tutajua lilianzia wapi. Mtunga kamusi wa mwaka 2060 atanishukuru kwa kipande kimoja cha karatasi.

Ndiyo maana nimekuja na vipande vya karatasi. Viko pale mlangoni kwenye boksi la maandazi, msivile. Kila mmoja achukue vitano. Juu andika neno. Chini yake andika sentensi uliyoisikia, kama ilivyotamkwa, usiisafishe. Andika ulisikia wapi, Manzese, Mwanjelwa, Ngarenaro, Darajani. Andika mwaka uliolisikia kwanza, hata kama ni kwa kukisia: "nilikuwa darasa la sita". Walimu, hii ni kazi nzuri ya nyumbani kuliko kunakili methali ishirini. Wazee, yenu ndiyo ya haraka zaidi, na ninyi mnanielewa. Mzee wa bomba, nakudai chai maharage kwa maandishi kabla hujatoka.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Na wewe kijana hapo dirishani, mwenye kofia ya bluu, umenyosha mkono tangu nilipotaja chawa. Pita ndani, baba. Wampishe. Kalamu hii hapa.